Shemeji Anakula Kamisheni kwa Jina la Marehemu Mume Wangu

Mpendwa Mama Anna, naomba unisaidie kabla misa ya mwaka ya mume wangu haijafika, maana siku zinakwenda na mimi nikikaa nashindwa, nikilala nashindwa, chakula napika kwa ajili ya wengine tu. Mimi ni mjane, mzaliwa wa Migato, niliolewa Dutwa na sasa naishi hapa Bariadi mjini, watoto wangu wako shule za bweni. Safu yako naisoma tangu mume wangu akiwa hai, yeye alikuwa akimaliza kurasa za kilimo ananisukumia gazeti anasema, haya, nenda kwa mama yako ukagombezwe. Leo nimekuja mwenyewe, na tafadhali majina yabadilishe.

Mume wangu aliitwa Novatus. Wewe humjui, lakini huku kwetu ukisema Novatus wa mizani watu wanaelewa, kwa sababu zamani ushirika ulipolegea na kampuni binafsi zikaruhusiwa kununua pamba, yeye alikuwa kijana ametoka shule akapata ukarani kwenye kituo cha kununulia, na bosi wake akataka amfundishe namna ya kuichezea mizani ili pamba ya mkulima isome pungufu, yeye akakataa mbele ya foleni nzima, akavua koti la kampuni akaliweka juu ya mizani, akaenda nyumbani kwa miguu. Mama mkwe wangu, mama Nyanjige, hiyo habari anamsimulia kila mgeni mpaka leo, hata yule aliyekwisha kuisikia. Baadaye Novatus akasomea ualimu akafundisha sekondari hapa Bariadi, na intaneti ilipotufikia akafungua tovuti yake, akawa anaandika mambo ya huku kwetu, wadudu wa pamba, ng'ombe akikohoa ufanye nini, mbegu ipi inavumilia jua letu hili, na mwisho wa kila habari anakuelekeza pa kwenda, fundi fulani, duka fulani la Mwanza, unabonyeza neno la bluu linakufikisha kwa mwenyewe. Watu wetu walioko Mwanza na Dar na hata Ulaya walikuwa wanasoma hapo ndipo wanunue vitu vya wazazi wao kijijini, kwa sababu aliyesema ni Novatus wa mizani. Wenye maduka walipomletea asante alikuwa anazirudisha, anasema yeye anasindikiza tu, na mgeni ukimsindikiza hadi njia panda humdai kitu.

Mtu aliyefaidika sana na hiyo tovuti ni kaka mmoja wa pale Dutwa anaitwa Kasmiri, fundi wa plau na mikokoteni ya ng'ombe, mtu mpole, hajui kujipigia debe. Novatus alimtengenezea ukurasa wake wenye picha na namba ya simu, na kila alipoandika habari za kulima aliweka jina la Kasmiri kwa bluu. Oda zikawa zinatoka Maswa, zinatoka Magu, mpaka Kahama, na Kasmiri akanunua mashine ya kuchomelea.

Sasa Mama Anna, mwaka jana Novatus alifariki kwa ugonjwa wa ini, nilimuuguza mwenyewe, nilikuwa namgeuza kitandani kama mtoto. Tulipomaliza msiba mdogo wake Luhaga, ambaye ni fundi wa kompyuta na ndiye aliyekuwa akimsaidia kaka yake mambo ya ndani ya tovuti, akanifuata akasema shemeji, tovuti isipolipiwa itafungwa na maneno yote ya kaka yatapotea, niachie mimi niiendeshe. Mimi nililia, nilimshika mikono nikamwambia wabeja, asante sana, maana nilikuwa ninaogopa kitu hicho hicho, kwamba sauti yake itazimika. Tangu hapo Luhaga akabadilika akawa mtu wa kuleta, dawa za presha za mama hazikosekani, kaburi la kaka yake akaliwekea vigae, na mimi akaniletea cherehani mpya akasema shona shemeji usikae bure. Nilidhani ni mapato ya kutengeneza kompyuta za watu. Sikuuliza.

Juzijuzi nilikwenda steshenari pale stendi kuchagua picha ya Novatus ya kuweka kwenye kadi ya misa, dada wa pale akanifungulia tovuti, nikaziona picha, nikaona na maneno yake, nikasoma kidogo kama nasikia anaongea. Nikaona jina la Kasmiri kwa bluu, nikakumbuka kwamba natakiwa kumpigia siku hiyo hiyo kuhusu msalaba wa kaburi, na namba yake ilipotea na simu ya marehemu, nikamwambia dada abonyeze hapo. Kikafunguka kitu cha Kizungu, duka la huko nje linauza mashine za kukatia majani ya bustani. Nikasema umekosea, akarudia, yakaja yale yale. Akaangalia vizuri akaniambia, mama, hizi linki zote zimewekewa kitu, ukibonyeza hufiki moja kwa moja, unapitishwa kwanza kwa kampuni moja ya katikati inayoandika kwamba umetumwa na Novatus, halafu ndiyo inakupeleka dukani, na ukinunua, Novatus anapata kamisheni. Na duka ambalo halilipi kamisheni, inakutafutia jingine la kufanana linalolipa. Nikamwambia Novatus yuko kaburini. Yule dada akanipa pole, akanisogezea kiti.

Nilimwita Luhaga nyumbani na hakukataa hata kidogo. Alisema hilo ni jambo la kawaida duniani, tovuti kubwa zote zinafanya, mnunuzi haongezewi bei, kampuni inafanya yenyewe, yeye aliweka tu mistari michache siku alipochukua tovuti baada ya mazishi. Akasema hata wakala wa pamba analipwa na kampuni kwa kila mzigo na hakuna anayemwita mwizi, siku hizi soko ni huria. Nilipomuuliza habari za Kasmiri akasema hilo hakulijua mapema, mtambo ndio unachagua, na akiuzima mapato yote yanakatika. Halafu akaniambia neno ambalo limenivunja. Alisema, "Kaka mwenyewe alikubali kabla hajafa. Wewe ulikuwa jikoni."

Mama Anna, sijui kama ni kweli. Siku zile za mwisho Novatus alikuwa akiongea maneno mengi, mengine ya homa, mengine ya mama yake atakula nini, na mimi kweli nilikuwa naingia na kutoka. Kila nikifumba macho namuuliza, ulikubali? Nimeishi naye miaka yote nikijua mume wangu ni mtu wa namna gani, hilo ndilo jambo pekee alilotuachia ambalo hakuna mtu angetunyang'anya, na sasa hata mimi sina uhakika. Nimefiwa mara ya pili na safari hii hakuna anayekuja kukaa nami matangani.

Kuna jingine. Kasmiri ana kawaida ya kupita kwangu Jumapili akitoka kanisani, ananiletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu, tangu msiba hajaacha. Jumapili iliyopita alikaa kizingitini akasema kazi zimekatika, simu haiiti, msimu wote wa kulima hakuna aliyemtafuta isipokuwa majirani, na ile mashine ya kuchomelea ameiuza. Akasema, "Unaona mayu, mama yangu, kumbe aliyekuwa ananiletea wateja ni Novatus mwenyewe, siyo yale maandishi. Amekufa, na wateja wamekufa naye." Akaniambia msalaba wa chuma wa kaburi ameshaumaliza, hataki nimpe kitu, ndiyo kazi ya mwisho aliyochomelea kabla hajaitoa mashine, na ameombwa na jumuiya asimame siku ya misa aeleze wema wa marehemu, anajiandaa. Nilipokea maziwa yake nikaingia ndani nikalia mpaka watu wa nyumba ya pili wakaja kuuliza kuna nini, nikasema ni moshi.

Luhaga anasema nikifungua mdomo nitamuua mama kwa presha, na watu hawatasema Luhaga, watasema Novatus, nani atakayesikiliza habari za tarehe, kwamba yalianza baada ya mazishi. Anasema na nyumba hii ninayokaa ni ya ukoo, nifikirie. Nikinyamaza, Kasmiri atasimama mbele ya padre na umati wote amsifu mume wangu kwamba hakuwahi kula cha mtu, huku nyuma yake kuna vigae vya kaburi ambavyo mimi najua vimetoka wapi. Nikisema, ninamzika Novatus tena kwa mikono yangu. Nifanye nini Mama Anna, nimechoka, na kila nikikaa kwenye ile cherehani mguu wangu unakuwa mzito.

Apolonia, Bariadi

MAMA ANNA ANAJIBU

Apolonia mwanangu, pole. Pole ya mume, na pole ya hili la pili ambalo ni kweli halina matanga. Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikairudia jioni, na mara zote mbili niliishia pale kizingitini na kibuyu cha maziwa. Sasa futa machozi tuongee, kwa sababu uliniambia umekuja kugombezwa.

Nianze na wewe. Umeandika "sikuuliza" ukaipita haraka kama mtu anayeruka dimbwi. Fundi wa kompyuta wa Bariadi analeta dawa kila mwezi, analeta vigae, analeta cherehani mpya, na wewe hukuuliza? Hukuuliza kwa sababu mjane akipata mkono wa kumshika anaogopa kuuangalia sana. Nakuelewa, wala sikuhukumu kwa siku zile. Lakini tangu siku ile ya steshenari unajua, na Jumapili ulijua, na Kasmiri alikuwa mbele yako amekwambia kauza mashine, ukapokea maziwa ukasema moshi. Hapo nakukatalia. Huzuni yako ni kubwa lakini haikupi ruhusa hiyo.

Shemeji yako anasema wakala wa pamba naye analipwa. Ni kweli, na mimi sina ugomvi na kamisheni. Lakini wakala wa pamba anakaa kwenye kituo chake, uso wake unauona, jina lake unalijua, na unajua anamtumikia nani. Mkulima akiwa anapeleka mzigo wake kwa fulani, wakala hamgeuzii ng'ombe njiani akampeleka kwa mwingine huku akimwambia umefika. Luhaga amefanya hilo. Kama anataka kulipwa kwa kuelekeza watu, afungue tovuti yake, aandike jina lake, aseme wazi juu kabisa kwamba ukinunua kupitia kwangu napata changu. Atakayependa atanunua. Alichokosea ni kufanya kimyakimya, kwa jina la mtu ambaye watu walimwamini kwa sababu hakuwa akila, na mtu huyo hawezi kutoka kaburini kukanusha.

Hilo la kwamba mtambo ndio unachagua, mwambie nimecheka. Mtambo hauna shemeji wala hauna mama. Aliyeuweka ni yeye, na alipojua unamla Kasmiri aliuacha uendelee.

Sasa swali linalokunyima usingizi, kama Novatus alikubali. Sitakudanganya mwanangu, hutajua. Inawezekana Luhaga amelitunga ili akufunge mdomo, na ukiniuliza mimi naelekea huko. Inawezekana pia mgonjwa aliyekuwa akimwaza mama yake aliambiwa kuna kitu kidogo cha halali akaitikia kwa kichwa, hajui hata ameitikia nini. Kama ni hivyo, alikuwa mtu anayekufa na kumwonea mama yake huruma, basi. Haifuti siku ile ya mizani. Lakini jambo moja unalijua kwa hakika, hakuwahi kuona jina la Kasmiri likipeleka watu kwenye mashine za bustani. Angeliona angefanya nini? Usinijibu mimi. Umeishi naye wewe.

Kwa hiyo acha kumuuliza maiti, fanya yaliyo mikononi mwako. Luhaga akizime hicho kitu mara moja, na asikuambie ni kazi kubwa, aliyeweka mistari michache anajua kuitoa. Akikataa, yule dada wa steshenari anaonekana ana akili, atakuonyesha pa kuandikia wenye mtambo kwamba mtu wanayemlipa ni marehemu. Jina la Kasmiri lirudi kwa Kasmiri. Na juu ya ukurasa wa kwanza yaandikwe maneno machache ya Kiswahili cha kawaida, kwamba tangu mazishi ya mwenye tovuti mpaka siku hii linki zilikuwa zinapitishwa kwa kampuni inayolipa kamisheni, kwamba aliyefanya hivyo ni mtu wa familia, kwamba imekoma na mnaomba radhi. Luhaga anasema hakuna atakayesikiliza tarehe. Watu wa pamba wanaijua sana tofauti ya kabla na baada, wameona ushirika ukienda na kampuni zikija. Watasikiliza.

Mama mkwe aambiwe, na aambiwe na Luhaga, wewe ukiwa umekaa pembeni. Usimfanye yule mama yai. Mwanamke anayewasimulia wageni kila siku jinsi mwanaye alivyoacha kazi kwa ajili ya haki, mnafikiri atakufa kwa kusikia haki? Atalia, atamgombeza Luhaga kwa Kisukuma mpaka majirani wafunge madirisha, na ataishi. Dawa zake zichangiwe na watoto wake wote waziwazi, akiwemo huyo huyo Luhaga kwa jasho la kompyuta zake. Na hilo la nyumba ya ukoo, usitetemeke. Nenda kwa mtendaji wa kata na ofisi ya msaada wa sheria uwaeleze kwamba umeanza kutishiwa makazi. Mara nyingi vitisho vya namna hiyo hupungua ukali vikishasemwa mbele ya mtu wa tatu.

Vigae viacheni. Kaburi halibomolewi kwa hasira. Lakini cherehani, Apolonia, iuze. Najua ndiyo inayokulisha sasa, na najua inauma kuambiwa hivyo na mtu aliyekaa ofisini. Iuze, Luhaga aongeze, Kasmiri apate mashine ya kuchomelea. Haitamrudishia msimu wa kulima uliopita, huo umekwenda. Wewe utashona kwa cherehani ya kuazima kama wengi walivyoanza, na mguu wako hautakuwa mzito.

Limebaki moja, na hilo huwezi kumtuma mtu. Usisubiri Jumapili, usimsubiri Kasmiri aje kwako na usimwambie kwenye simu. Panda gari uende Dutwa, ukamkute pale alipokuwa anafanyia kazi, na umweleze yote tangu siku ya steshenari, pamoja na ile Jumapili uliyonyamaza. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, lakini kwenu huko nani hatajua ni nani? Ndiyo maana nilikupigia nikakusomea jibu hili na kukutajia siku barua itakapotoka. Gazeti linafika kwenu na basi la mchana. Wewe uwe umeshafika asubuhi.

Usimwombe aje kwenye misa, wala usimwombe asimame kusema. Msalaba ni wake, akisema anauleta, aulete akijua, na akisema anaubakiza, rudi nyumbani na kaburi likae bila msalaba mpaka moyo wake utulie. Akisimama mbele ya watu amtaje Novatus, litakuwa neno la mtu aliyeambiwa kila kitu, na hilo ndilo tu ambalo mume wako angelipokea.

Ukifika kwake, nawajua watu wa kwenu, kabla hujakaa atakuwa ameshaingia ndani kukuletea maziwa. Usiyapokee mpaka umalize kusema.